Bima ya Ziada ya Matibabu: Yasiyolipiwa Hayakai Ukurasa Mmoja

Karibu kila kitabu cha masharti ya bima ya ziada kina ukurasa wenye kichwa kama "Mambo Tusiyogharamia". Mtu akishaupitia, akakuta upasuaji wa urembo, vita, michezo ya hatari na kujidhuru kwa makusudi, huona amemaliza kusoma. Kumbe huo ndio ukurasa usio na hila, kwa sababu unasema wazi. Majibu ya "hapana" yanayowaacha watu midomo wazi hutoka kwingine: kwenye sura ya tafsiri ya maneno, kwenye jedwali la mafao, kwenye masharti ya utaratibu, na kwenye mkataba wa bima ya msingi, ambao mara nyingi mwenye bima hana hata nakala yake.

Ni heri kuanzia huko kwenye bima ya msingi.

Ziada juu ya nini?

Bima za ziada ziko za namna mbili, na tangazo halikuambii unauziwa ipi. Ya kwanza huifuata bima ya msingi nyuma nyuma: msingi ikilipa sehemu, ziada humalizia kilichobaki au kipande chake. Msingi isipolipa kitu, ziada nayo haina cha kumalizia, na orodha nzima ya yasiyogharamiwa na bima ya msingi inakuwa yako pia, ingawa haimo kwenye kitabu ulichopewa. Ya pili hujitegemea. Ina mafao yake, kama meno, miwani au chumba cha peke yako, na hulipa hata pale msingi inapokaa kimya.

Medigap ya Marekani ni mfano wa ile ya kwanza. Huchukua sehemu ya gharama ambayo Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, humwachia mgonjwa, lakini kwa huduma ambazo Medicare yenyewe inazitambua. Matunzo ya muda mrefu, meno, miwani na vifaa vya kusikilizia kwa kawaida havimo. Anayeinunua akitegemea kutengenezewa meno amebisha hodi mlango usio wake.

Kabla ya kusaini, uliza hivi kwa maandishi: "Huduma ikikataliwa na bima ya msingi, ninyi mnaipima upya kwa masharti yenu, au jibu lao ndilo jibu lenu?" Jibu likiwa la pili, omba orodha ya bima ya msingi uisome kwanza. Angalia pia adhabu za utaratibu. Ikiwa msingi hupunguza malipo kwa mtu aliyekwenda kwa bingwa bila rufaa ya daktari wa kawaida, pengo hilo la adhabu mara nyingi ziada hailizibi.

Halafu kuna ile "asilimia 100". Chukua ankara ya 1,000, kwa fedha yoyote. Bima ya msingi ina bei yake rasmi ya huduma hiyo, tuseme 600, na hulipa asilimia 70 ya bei hiyo, yaani 420. Bima ya ziada imeandika "tunalipia asilimia 100". Msomaji anaona 580 zilizobaki zimepata mwenyewe. Lakini ukifungua sura ya tafsiri unakuta asilimia 100 ni ya bei rasmi, si ya ankara. Ziada itatoa 180 ili kufikisha 600, na 400 zitakuwa zako. Ufaransa, ambako bima za kujazia zimeenea sana, mikataba huandikwa kwa asilimia za bei rasmi namna hiyo hiyo, na ndiyo maana huko utaona mafao ya asilimia 200 au 300 bila mtu kushangaa. Kwa hiyo usiulize asilimia ngapi tu. Uliza asilimia ya nini, kisha mpe mwuzaji ankara moja ya mfano akupigie hesabu hadi tarakimu ya mwisho.

Ugonjwa uliokuwepo kabla, na tarehe inayouthibitisha

Hapa ndipo penye mambo mengi. Mtu wa kawaida husema ana ugonjwa tangu siku daktari alipompa jina lake. Bima haihesabu hivyo. Katika mikataba mingi ugonjwa ulikuwepo tangu dalili ya kwanza, na mingine huongeza maneno "ambayo mtu mwenye busara angeitafutia ushauri". Kwa mikataba ya aina hii, kutopimwa hakukusaidii kitu.

Nchini Australia, kwa mfano, kigezo ni dalili au ishara za ugonjwa katika miezi 6 kabla ya kujiunga, na anayeamua ni daktari aliyeteuliwa na kampuni ya bima, ingawa lazima azingatie maelezo ya daktari anayekutibu. Ukiangukia humo, kungoja kwa matibabu ya hospitali ni hadi miezi 12. Kwa Medigap, ikiwa uligunduliwa au kutibiwa katika miezi 6 kabla ya bima kuanza, kampuni inaweza kukuwekea ngojo la hadi miezi 6 kwa ugonjwa huo, ingawa bima ya awali isiyokatika hulipunguza au kulifuta. Afrika Kusini, skimu ya matibabu inaweza kukuwekea miezi 3 ya jumla na hadi miezi 12 kwa ugonjwa mahususi. Namba zinatofautiana, lakini mifupa ni ile ile: kuna dirisha la kutazama nyuma, na kuna kipindi cha kungoja mbele. Kwenye mkataba wako tafuta namba hizo mbili, uziandike pembeni mwa tarehe ya kuanza bima.

Uingereza kuna namna nyingine inayopendwa kwa sababu haina fomu ndefu. Kampuni haikuulizi historia yako. Inasema tu kwamba tatizo lolote ulilokuwa nalo katika miaka 5 iliyopita halimo, mpaka upitishe miaka 2 mfululizo ndani ya bima bila dalili, dawa, matibabu wala ushauri juu yake. Inaonekana nyepesi. Ubaya wake ni kwamba hujui kilichoachwa nje mpaka siku unapodai, na kila ukienda kuangaliwa tatizo lile lile, saa ya miaka 2 inaanza upya. Anayekunywa kidonge cha kila siku hatamaliza ngojo hilo kamwe. Mwenye historia yoyote ya maana ni afadhali ajaze fomu ndefu, apewe jibu la maandishi linalotaja kilichokatwa.

Sasa ona jinsi tarehe zinavyoharibika kwa sentensi moja. Mgonjwa ana bima ya miezi 5. Goti linauma, anakwenda hospitali, na kwenye chumba cha kwanza anaulizwa limeanza lini. Anajibu kwa mazoea ya mazungumzo: "Aa, muda mrefu." Mwandishi anaandika "maumivu ya goti, karibu mwaka". Karatasi hiyo ndiyo afisa madai ataiomba, na kwake mwaka ni mkubwa kuliko miezi 5. Huenda ukweli ni kwamba mwaka jana lilikuwa tumbo la mguu lililokaza baada ya kutembea sana, na goti lenyewe limeanza wiki 3 zilizopita baada ya kuteleza. Hakuna anayekuambia udanganye. Uongo kwenye faili la hospitali hugharimu kuliko ankara. Sema tu tarehe kamili, tofautisha maumivu haya na yale, na kabla ya kuondoka omba kuona kilichoandikwa. Kurekebisha siku hiyo hiyo ni dakika 2. Kurekebisha baada ya dai kukataliwa huonekana kama kupika maelezo.

Neno "yanayohusiana"

Ukikatiwa ugonjwa fulani kwenye bima, soma sentensi iliyoukata kuliko unavyosoma jina la ugonjwa. "Kisukari hakigharamiwi" ni jambo moja. "Kisukari na hali yoyote inayosababishwa nacho au kuhusiana nacho, moja kwa moja au vinginevyo" ni jambo jingine kabisa: limebeba macho, figo, mishipa ya fahamu, kidonda cha mguu, na kwa mkono wa afisa mkali linaweza kufikia moyo. Shinikizo la damu likikatwa kwa maneno mapana hivyo, kiharusi kinaondoka nalo.

Maneno haya yanajadiliwa kabla ya kusaini, si baada. Omba kampuni ibadilishe "kuhusiana" iwe "kusababishwa moja kwa moja", au itaje matatizo yaliyokatwa kwa majina, au iweke tarehe ya kuangalia upya, tuseme baada ya miezi 24 bila tukio. Wakati mwingine watakubali kwa kuongeza ada badala ya kukata. Kwa ugonjwa wenye matawi mengi, ada ya juu kidogo ni nafuu kuliko kipengele kipana. Kwa jambo dogo lenye mipaka, kama jiwe moja la kibofu cha nyongo, bora kukubali likatwe na kubaki na ada ya kawaida.

Kuna neno jingine lenye makali: "sugu". Bima binafsi za aina ya Uingereza hulipia ugonjwa wa ghafla unaotibika, na huacha ugonjwa sugu, yaani ule usio na tiba ya kuumaliza, unaohitaji kufuatiliwa au dawa kwa muda mrefu, au unaorudi. Watu hudhani hilo ni sawa na ugonjwa wa kabla ya bima. Siyo. Pumu iliyoanza mwaka wa tatu wa bima yako, ukiwa umelipa kila ada, nayo ni sugu. Kampuni hulipia uchunguzi mpaka upate jina la ugonjwa, pengine na matibabu ya kukutuliza, kisha hukabidhi mgonjwa kwa bima ya msingi. Uliza ni lini hasa wanasema "sasa imekuwa sugu", nani anasema, na kama mlipuko wa ghafla wa ugonjwa huo unalipiwa. Saratani karibu kila mara ina ukurasa wake peke yake. Usome huo hata kama utaruka mingine.

Orodha yenyewe, kwa haraka

Urembo haulipiwi, ila kurekebisha umbo baada ya ajali au ugonjwa kwa kawaida hulipiwa; Marekani sheria ya mwaka 1998 inazitaka bima zinazolipia kuondoa titi zilipie pia kulitengeneza upya. Tiba ambayo bado ni ya majaribio haimo, na dawa iliyosajiliwa kwa ugonjwa mmoja ikitumiwa kwa mwingine inaweza kuhesabiwa humo. Kasoro za kuzaliwa nazo huachwa na mikataba mingi, jambo zito kwa wanaotarajia mtoto: angalia muda wa kumwandikisha mchanga, ambao mara nyingi ni siku 30 tangu kuzaliwa, na kama akiandikishwa ndani yake anapokelewa bila maswali ya afya. Uzazi una ngojo lake, mara nyingi refu. Australia ni miezi 12.

Pombe inastahili kusomwa herufi kwa herufi. "Jeraha lililosababishwa na ulevi" linaitaka kampuni ioneshe kwamba ulevi ndio uliokuumiza. "Jeraha lililotokea mwenye bima akiwa amelewa" halitaki hivyo: ukiwa umeketi kiti cha abiria na gari likagongwa kwa nyuma, kipimo cha damu pekee kinatosha kukunyima. Ukiwa na mikataba miwili ya bei moja, tofauti hii peke yake inatosha kuchagua.

Msimbo kwenye fomu

Afisa madai haoni mgonjwa. Anaona fomu yenye msimbo wa ugonjwa, kwa kawaida kutoka orodha ya kimataifa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-10 au toleo lililofuata. Kipimo kile kile kinaweza kulipwa au kukataliwa kwa herufi na tarakimu hizo. Picha ya tumbo iliyoombwa chini ya R10, yaani maumivu ya tumbo, ni uchunguzi wa ugonjwa. Ikiombwa chini ya Z00, yaani uchunguzi wa afya wa jumla, inaangukia "upimaji wa kawaida", ambao bima nyingi za ziada hazilipii au huulipia mara moja kwa mwaka.

Mfano mzito zaidi ni uvimbe wa mji wa mimba, D25. Mwanamke ana uvimbe, anavuja damu nyingi hadi damu imepungua mwilini, na pia anatafuta mtoto. Daktari akiandika sababu ya upasuaji kuwa N97, ugumba wa mwanamke, dai linaingia kwenye kifungu cha matibabu ya uzazi na kukataliwa. Akiandika D25 pamoja na kutokwa damu na upungufu wa damu, ambavyo vyote ni kweli na ndivyo vinavyomweka hatarini, ni upasuaji wa ugonjwa. Hapa hakuna ujanja, ni kuhakikisha sababu ya kitabibu haifunikwi na ile iliyotajwa kwanza kwenye mazungumzo. Kabla fomu haijatumwa, soma mistari mitatu: sababu ya kuja, msimbo, na tarehe dalili zilipoanza.

Unaweza kuwa ndani na bado usilipwe

Kibali cha awali ndicho sharti la utaratibu linaloangusha wengi. Upasuaji wa kupangwa, kulazwa, vipimo vya gharama kubwa na dawa za bingwa kwa kawaida huhitaji kibali kabla. Kwa dharura, mikataba mingi hutaka itaarifiwe ndani ya saa 24 au 48 tangu kulazwa. Angalia kama siku za mapumziko zinahesabiwa, na umwachie mtu mwingine namba ya bima na ya simu ya dharura, kwa sababu aliyepoteza fahamu hapigi simu. Kibali chenyewe nacho si ahadi ya malipo. Ukikisoma chini utakuta kimetolewa "kwa kuzingatia masharti ya mkataba", maana yake madai yatapimwa upya ankara ikifika. Kagua kwamba kimetaja utaratibu wote, idadi ya siku, kifaa kitakachowekwa mwilini, na daktari wa usingizi. Kibali cha siku 2 hakilipi siku ya 3. Siku ya 2 asubuhi, kabla ya daktari kupita wodini, ndiyo wakati wa kumwomba aandike nyongeza.

Hospitali kuwa kwenye orodha ya kampuni hakumaanishi kila mtu anayekugusa humo yumo kwenye orodha. Daktari wa usingizi, maabara na msomaji wa picha wanaweza kuwa na ankara zao. Marekani walilazimika kutunga sheria dhidi ya ankara hizo za kushtukiza, ikaanza kutumika Januari 1, 2022, nayo haigusi kila hali, mathalani gari la wagonjwa la barabarani. Kwingineko kinga yako ni kuuliza majina mapema.

Jedwali la mafao lina maficho yake. Kikomo kikubwa cha mwaka huandikwa kwa herufi nene, na vikomo vidogo ndani yake kwa herufi za kawaida: kifaa cha nyonga, vikao vya mazoezi ya viungo, siku za matibabu ya akili, kitanda. Cha kitanda kina mtego. Ukichagua chumba cha juu kuliko daraja lako, baadhi ya mikataba haikudai tofauti ya kitanda peke yake, bali hupunguza ankara nzima kwa uwiano huo huo. Chumba kikiwa 200 na kikomo ni 100, ada ya upasuaji nayo inalipwa nusu.

Ukijaza fomu

Msingi wa zamani wa bima ni uaminifu wa hali ya juu. Kesi ya Kiingereza ya Carter dhidi ya Boehm ya mwaka 1766 ndiyo inayotajwa siku zote. Kwa msingi huo mwombaji alipaswa kusema hata asichoulizwa. Nchi nyingine zimelegeza. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 2012, mteja binafsi anapaswa kujibu maswali kwa uangalifu wa kutosha, na akikosea bila kukusudia kampuni haiwezi kufuta kila kitu kiholela. Kama ingemkubali kwa ada kubwa zaidi, hulipa kwa uwiano: alilipa 80 badala ya 100, dai la 5,000 linalipwa 4,000. Usichukulie kuwa kwako ni hivyo. Jibu swali jinsi lilivyoulizwa, omba faili lako la hospitali kwanza ujue limeandika nini, na usimwachie wakala akujazie. Saini ni yako hata kama kalamu ilikuwa yake.

Ukihama bima, ya zamani isikatwe kabla ya mpya kukupokea kwa maandishi. Omba cheti kinachoonesha tangu lini ulikuwa na bima na mafao gani. Pale sheria inaporuhusu, miezi uliyokwisha kungoja huhesabiwa. Bila cheti unaanza sifuri, na kila ugonjwa ulioupata katikati sasa umekuwa wa kabla. Mwenye bima ya kundi kazini aulize siku ya kwanza, si siku ya kuacha kazi, kama anaweza kuendelea kama mtu binafsi na amepewa siku ngapi za kuomba.

Likikataliwa

Usibishane kwa simu. Omba barua yenye mambo matatu: namba ya kifungu, ukweli walioutegemea, na toleo la masharti lililotumika. Linganisha toleo hilo na lililokuwa likitumika ulipojiunga au uliposaini upya mara ya mwisho, maana hutokea dai likapimwa kwa kitabu kipya.

Kisha jua mzigo uko kwa nani. Katika nchi nyingi zinazofuata sheria ya asili ya Kiingereza, wewe unatakiwa kuonesha kwamba huduma imo ndani ya mafao, na kampuni inatakiwa kuonesha kwamba kifungu cha kuikata kinahusika. Maneno yenye maana mbili, mwisho wa yote, husomwa dhidi ya aliyeyaandika. Kwa hiyo barua ya daktari wako isiseme tu "mgonjwa alihitaji upasuaji huu". Ijibu kifungu chenyewe: dalili zilianza lini na kwa ushahidi upi, kwa nini hali hii haitokani na ile iliyokatwa, nini kingetokea bila tiba, na tiba mbadala ipi ilijaribiwa ikashindwa. Ukurasa mmoja unatosha, pamoja na nakala za vipimo vyenye tarehe.

Rufaa ya ndani ina muda, na muda huo mara nyingi huhesabiwa tangu barua ya kukataliwa. Wakinyamaza au wakishikilia msimamo, kuna msuluhishi au mamlaka ya bima. Uingereza kampuni ina wiki 8 za kutoa jibu la mwisho, na mteja ana miezi 6 tangu jibu hilo kulipeleka kwa msuluhishi wa huduma za fedha. Wakati hayo yakiendelea, ijulishe hospitali kwa maandishi kwamba dai liko kwenye rufaa na uombe ankara isipelekwe kwa wakusanya madeni. Uwalipe ile sehemu ambayo haina ubishi, na risiti uandikishe kwamba ni malipo ya sehemu, bila kukubali kiasi kilichobaki.